TAI MOJA, SURA NYINGI
Masalio ya vitenge yanaweza kumwondolea baba gharama ya tai mpya kila ifikapo harusi

Ndugu msomaji, hebu fungua kabati la nguo nyumbani kwako, utazame upande wa baba. Yumkini utazikuta tai tatu au nne zimening'inia: moja ilinunuliwa kwa harusi ya mpwa, ya pili kwa mahafali ya mtoto, ya tatu kwa ajili ya sare ya kamati ya harusi ya jirani. Kila moja ilivaliwa siku moja, ikapigwa picha, ikastaafu. Kisha fungua na kasha la mama. Humo utakuta furushi la masalio ya vitenge, vipande vya robo mita na nusu mita vilivyorudishwa na fundi baada ya gauni kukamilika. Mama hana moyo wa kuvitupa, wala hajui vitamfaa nini.

Makala haya yanakusudia kuvikutanisha vitu hivyo viwili. Hoja yetu ni kwamba tai ina mwili na ina sura. Mwili ndio wenye kazi ngumu ya ufundi, nao ukishonwa vema hudumu miaka mingi. Sura ni rangi na maua ya juu, nayo yaweza kuvuliwa na kuvikwa nyingine kama vile foronya ya mto inavyobadilishwa. Mwenye mwili mmoja na sura sita ana tai sita.

MJI WENYE JICHO LA KUCHAGUA

Tumeuchukua mkoa wa Kigoma uwe mfano wetu kwa kuwa Kigoma ni mlango wa vitenge. Kwa miongo mingi vitenge vimekuwa vikivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kalemie na Uvira upande wa Kongo, na kutoka Bujumbura upande wa Burundi, hata ikawa msafiri anayekwenda Kigoma huagizwa na jamaa zake vitu vitatu: dagaa, mawese na kitenge. Fundi cherehani wa Kigoma mjini, Mwanga au Ujiji hapungukiwi masalio.

Isitoshe, watu wa mwambao huu wamekuwa na jicho la kuchagua tangu zamani. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Henry Stanley alipomkuta Dakta Livingstone hapo mwaka 1871, biashara ya mji ule ilikwenda kwa nguo na ushanga. Nguo nyeupe za merikani na nguo nyeusi za kaniki zilipimwa kwa mikono, na ushanga ulitumika sokoni kama fedha. Wasafiri wa misafara walijifunza upesi kwamba ushanga uliopendwa katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alibeba mzigo wa bure. Mnunuzi ndiye aliyeamuru rangi, na fundi wa leo hana budi kulikumbuka hilo.

Wala kitu kuundwa kwa vipande si jambo geni Kigoma. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupakiwa garimoshi mpaka Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Ikiwa meli nzima yaweza kufunguliwa na kufungwa tena, basi tai nayo yawezekana.

TAI ILITOKA WAPI

Tai haina umri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Asili yake husimuliwa kuwa ni vitambaa vya shingoni vya askari wa Kikroatia waliopigana Ulaya katika karne ya 17. Wafaransa walivipenda wakavichukua, na neno lao la tai, cravate, limetokana na jina la watu hao. Kwa muda mrefu baadaye tai ilikuwa kitambaa cha kuzungushia shingo tu, chenye kukunjamana na kupindapinda ovyo.

Mageuzi yaliletwa katika miaka ya 1920 na fundi wa New York, Jesse Langsdorf. Yeye alikata kitambaa hanamu, yaani mshazari, akaiunda tai kwa vipande vitatu vilivyounganishwa. Tangu hapo tai ikifunguliwa hunyooka, na ikivaliwa huning'inia wima bila kujisokota.

Siri ya hanamu ni hii. Kitambaa kina nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na nyuzi za mshindio, zinazozikata kwa upana. Ukikivuta kwa kuufuata mtande au mshindio, hakinyumbuki. Ukikivuta kwa pembe, katikati ya njia hizo mbili, hunyumbuka kidogo na kurudi. Tai hufungwa, hukazwa na kulegezwa kila siku, kwa hiyo inahitaji unyumbufu huo. Hii pia ni sababu mojawapo ya mistari ya tai nyingi kulala mshazari: mistari iliyofumwa wima ikikatwa hanamu hulala yenyewe.

JINSI YA KUIUNDA

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kushona foronya na kuivika tai ya kawaida. Wazo hilo halifai. Tai ni nyembamba juu na pana chini, ilhali mdomo wa foronya uko juu. Basi upana wa chini hauwezi kupita katika wembamba wa juu. Ukiupanua mdomo ili upite, sura italegea na kupwaya kifuani.

Dawa yake ni kuupunguza mwili. Kwanza, fundi ashone fundo la tai la kudumu, lililoshikizwa kwa utepe wa mpira unaozunguka shingo chini ya ukosi, mfano wa tai za watoto wa shule. Chini ya fundo hilo aache ulimi mwembamba ulionyooka, wenye upana wa sentimita tatu na nusu na urefu wa sentimita 35. Huo ndio mwili. Fundo liwe la rangi moja iliyotulia, kama buluu ya usiku, nyeusi au damu ya mzee, kwa sababu fundo ni kama mkubwa wa nyumba: yampasa kupatana na watoto wote.

Pili, ashone sura. Hii ni ala ya kitenge yenye upana wa sentimita nne na nusu mdomoni na sentimita nane na nusu chini, kabla ya ncha. Urefu wake uwe kama sentimita 45 kwa mtu wa kimo cha wastani, ili ncha iguse mkanda wa suruali. Ndani yake itiwe kitambaa kizito kiasi cha kuipa mwili, na ncha ipewe bitana. Mshono wa nyuma ushonwe kwa mkono, uzi usikazwe, ili kitambaa kipate nafasi ya kunyumbuka. Ulimi utaingia kwa wepesi, na mdomo wa sura utajificha chini ya fundo na kushikwa kwa vifungo viwili vidogo vya kubana. Kuvua na kuvika hakuchukui hata dakika moja.

Tatu, zipo kanuni ambazo fundi asizivunje. Kitenge kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hurudi na rangi nyingine huchuja. Kikatwe hanamu hata kama kipande ni kidogo. Atakayekata wima ili kubana kitambaa ataiona sura yake ikijisokota kama kamba. Vifungo vya sura zote vipimwe kwa kigezo kimoja cha karatasi ngumu, ili sura itakayoshonwa mwakani ikae sawasawa juu ya mwili ulioshonwa leo.

Ama kuhusu kiasi cha kitambaa, mraba wenye pande za sentimita 50 hutosha sura moja. Kitenge kina upana unaozidi mita moja, kwa hiyo salio la nusu mita hutoa sura mbili. Kipande kikipungua, kiungwe katikati kwa mshono wa mshazari, kama alivyofanya Langsdorf.

MAUA YA KUCHAGUA

Tai si gauni. Ua kubwa kama sahani, linalopendeza mgongoni mwa mama, likikatwa kwa upana wa sentimita nane hubaki nusu ua na robo jani, na mtazamaji asijue ni kitu gani. Chagua maua madogo yanayorudiarudia, au lilenge ua moja kubwa likae katikati, shubiri moja juu ya ncha. Kata dirisha la umbo la tai katika karatasi, uliburure juu ya kitenge, na hapo utayaona maua kama yatakavyoonekana kifuani kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Kwa vijana wenye kipaji cha kuchora, mwambao huu una maua yake yenyewe yasiyohitaji kuazimwa. Taa za wavuvi wa dagaa, zinazotapakaa ziwani usiku usio na mbalamwezi, zingekuwa nukta za manjano juu ya buluu nzito. Kuna kuti la mchikichi, kuna umbo jembamba la mgebuka, kuna mistari ya samaki wadogo wa mawe ambao wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani ila Ziwa Tanganyika.

NG'AMBO YA ZIWA

Asidhani mtu kwamba habari ya tai ni jambo dogo. Mwaka 1971 Kongo ilibadilishwa jina ikaitwa Zaire, na katika miaka iliyofuata Rais Mobutu Sese Seko alipiga marufuku suti na tai za Kizungu. Mahali pake likaletwa koti lililoitwa abacost, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kuilaani suti. Kwa muda wa karibu miaka 20 mtu wa Kalemie hakuruhusiwa kuvaa kile ambacho mwenzake wa Kigoma angeweza kukivaa akipenda. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 24 Aprili 1990, siku ile ile Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja.

Huku kwetu hapakuwa na amri ya namna hiyo, ingawa katika miaka ya 1960 na 1970 viongozi wengi waliiacha tai kwa hiari, wakapendelea suti iliyopewa jina la Chou En-lai na ile ya Kaunda. Pande zote mbili za ziwa swali lilikuwa moja: nani amchagulie mtu kinachokaa shingoni mwake? Tai yenye sura za vitenge inalijibu swali hilo kwa upole. Asiyeitaka tai katika joto la Kigoma aiache. Anayeitaka, au anayelazimika kuivaa kazini, aivae kwa rangi zilizochaguliwa nyumbani kwake.

HESABU YA NYUMBA

Faida yake huonekana hasa msimu wa harusi. Sare hutangazwa, mama hununua kitenge, na baba hutakiwa kufanana naye. Mwezi unaofuata kuna harusi nyingine na sare nyingine. Katika nyumba inayodaiwa michango na ada za shule kwa wakati mmoja, tai ya siku moja ni fedha iliyotupwa. Kwa mpango huu, salio la gauni la mama ndilo sura ya tai ya baba. Fedha inayolipwa ni ya ufundi na vifungo viwili, na baada ya sherehe sura hufuliwa, ikakunjwa, ikasubiri.

Kwa fundi nako kuna riziki. Mteja aliyenunua mwili kwake atarudi kwa ajili ya sura, mradi vipimo vyake havibadiliki. Kijana anayejifunza cherehani naye atapata kazi ndogo inayomfundisha hanamu, bitana na mshono wa mkono, mambo matatu yatakayomfaa hata siku atakapokabidhiwa suti nzima.

Basi, ndugu msomaji, usingoje harusi ijayo. Litoe furushi lile kashani, kata dirisha lako la karatasi, ukamwone fundi akiwa bado hajazidiwa na kazi za sare. Anza na mwili mmoja na sura mbili. Ya tatu itakuja na gauni lijalo.