Siagi Mbele ya Kamera

Vipindi vya mapishi vinavyorushwa mchana katika televisheni za Marekani na Uingereza vinapenda sana chakula kizito: makaroni yaliyozama katika jibini, kuku wa kukaanga, viazi vilivyopondwa kwa siagi na krimu, keki zilizopakwa sukari juu na ubavuni. Ni chakula cha nyumbani, cha kumliwaza mtu aliyechoka au mwenye huzuni, na hakuna ubaya kukipenda. Lakini kikionekana kwenye skrini kila siku, mtazamaji huanza kukiona kama mlo wa kawaida. Kwa mtaalamu wa lishe, hapo ndipo penye tatizo, na njia bora ya kujikinga ni kuelewa kwa nini kamera inakipenda hivyo.

Kwanza, televisheni haina harufu wala ladha. Mpishi ameachiwa macho na masikio ya mtazamaji tu, na hakuna kiungo kinachovitumikia vyote viwili kama mafuta. Siagi hung'aa chini ya taa za studio, jibini lililoyeyuka huvutika kama uzi, na kitunguu kikitumbukizwa katika mafuta ya moto mlio wake husikika hadi sebuleni. Maharage yaliyochemshwa taratibu yanaweza kuwa matamu kuliko vyote hivyo, ila kwenye skrini hayana la kuonyesha.

Pili, kuna suala la muda. Kitunguu kinahitaji nusu saa au zaidi juu ya moto mdogo ili utamu wake utoke wote, na supu nzuri ya mifupa huhitaji saa kadhaa. Mpishi wa studio ana dakika chache kabla ya tangazo la biashara. Mafuta humfupishia njia. Husambaza joto sawasawa juu ya chakula, kikapata ule wekundu na harufu nzito ambavyo mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alianza kuvieleza mwaka 1912. Isitoshe, viini vingi vya harufu huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo kijiko cha siagi mwishoni huisambaza ladha mdomoni na kuikawiza. Ladha ambayo mpishi wa nyumbani huipata kwa subira, wa televisheni huinunua kwa siagi, jibini, chumvi na sukari.

Tatu, kuna fedha. Mwaka 1946 James Beard alianza kupika kwenye NBC nchini Marekani katika kipindi kilichoitwa I Love to Eat, na mdhamini wake alikuwa Borden, kampuni ya maziwa. Tangu mwanzo, jiko la televisheni limekuwa pia duka la wenye bidhaa za chakula.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Chukua makaroni ya jibini ya watu sita, kwa vipimo vya kawaida vya mapishi ya aina hii: makaroni gramu 450, siagi gramu 115, jibini la cheddar gramu 450, maziwa yasiyopunguzwa mafuta lita moja, na unga wa ngano gramu 60. Sahani moja inabeba takriban kilokalori 850 na mafuta gramu 47. Kati ya hayo, karibu gramu 28 ni yale mafuta yanayoganda yakipoa, ambayo yakizidi hupandisha lehemu katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 22 kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000. Sahani moja imeshavuka kiwango cha siku nzima, na bado hujala kuku wala keki.

Mfano huu si wa kutafutwa kwa tochi. Mwaka 2012 jarida la tiba la BMJ lilichapisha utafiti uliolinganisha mapishi 100 ya wapishi wa televisheni wa Uingereza na vyakula 100 vilivyopikwa tayari vya supamaketi. Hakuna hata kimoja, kwa pande zote mbili, kilichotimiza viwango vyote vya Shirika la Afya Duniani. Mapishi ya wapishi ndiyo yaliyokuwa na nishati na mafuta mengi zaidi, na nyuzinyuzi chache zaidi. Yaani kupika mwenyewe nyumbani, jambo jema ninalolihimiza siku zote, hakutoshi iwapo kipimo kimetoka studio.

Paula Deen, mpishi kutoka Savannah, Georgia, alijenga jina lake kwa chakula kizito cha Kusini mwa Marekani katika Paula's Home Cooking, kipindi kilichoanza mwaka 2002. Januari 2012 alitangaza kwamba ana kisukari cha aina ya 2, na kwamba aligunduliwa miaka mitatu nyuma. Si haki kusema siagi pekee ilimletea maradhi hayo. Urithi, umri, uzito na mwenendo wa maisha vyote huchangia. Kilicho muhimu kwetu ni kwamba mwaka huohuo mwanawe Bobby alianza kipindi cha kuyapika mapishi ya mama yake kwa mafuta machache.

Nawe unaweza. Katika makaroni yale, weka siagi gramu 40 na jibini kali lililokomaa gramu 200, kwa kuwa ladha yake kali hutosheleza kwa kiasi kidogo. Tumia maziwa yaliyopunguzwa mafuta, koroga unga katika maziwa baridi kwanza ili usifanye madonge, punguza makaroni hadi gramu 300 na uongeze koliflawa. Mafuta yatashuka kutoka gramu 47 hadi karibu 20 kwa sahani, na chakula kitabaki kitamu. Kanuni hii inafaa hata kwa tui zito la nazi, ambalo mafuta yake mengi ni ya aina ileile inayoganda.

Sitaki mtu aache vyakula vizito. Biriani ya harusi iliwe harusini, tena kwa furaha. Ninachodai kutoka kwa watayarishaji ni kuandika kwenye skrini, kando ya kila mapishi, kipimo cha mafuta na idadi ya walaji. Na kwako mtazamaji, kabla ya kushika mwiko, jumlisha siagi, jibini, krimu na mafuta yote yaliyotajwa, kisha gawanya kwa watu utakaowapakulia. Jibu ndilo likuambie kama chakula hicho ni cha Jumanne au cha sikukuu.