Plastiki za gari na pikipiki: rangi ipulizwe nje, si kando ya mbabula

Barabara zetu za Masisi na Walikale hazihurumii chombo. Pikipiki ikiteleza kwenye matope mara moja tu, kifuniko cha taa kinakwaruzika na cha ubavuni kinapasuka. Gari likigusa jiwe, parshoki inabaki na alama. Plastiki mpya ni ya bei na inatoka mbali, kwa hiyo kijana mwenye kujua kupaka rangi anapata kazi nyumbani. Kazi hiyo ni ya heshima, inaleta chumvi na minerval ya watoto. Shida ni mahali inapofanyikia.

Kwetu mvua haikawii. Masisi kuna baridi na ukungu, Walikale kuna joto la pori na unyevu. Rangi ikipulizwa kwenye unyevu mwingi inaweza kufifia na kuwa nyeupe kama maziwa. Basi fundi anaingiza plastiki ndani ya nyumba, tena anaiweka karibu na mbabula ikauke upesi. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Dawa ya kulainisha rangi, yaani tina, pamoja na gesi inayosukuma rangi kutoka kwenye kopo, hushika moto haraka. Hata kwenye baridi ya Masisi tina inatoa mvuke unaoweza kuwaka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: unashuka, unatambaa sakafuni hadi unakuta kaa la moto, na moto unarudi mpaka kwenye kopo. Kaa moja tu linatosha.

Huko chini sakafuni ndiko mtoto anakolala juu ya mkeka. Mtoto anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo sumu inamwingia upesi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kikohozi. Mama mwenye mimba pia asikae karibu.

Rangi nyingine zina madini ya risasi, ambayo wengine wanaita plombo, hasa nyekundu na njano. Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inadhuru akili ya mtoto, na haitoki kwa kufagia tu: vumbi la rangi ya zamani linabaki sakafuni, kisha linaingia mkononi na mdomoni. Rangi zinazochanganywa na dawa ya kugandisha zinaweza kuleta pumu. Maski ya kitambaa au ile ya wakati wa Corona haizuii mvuke huo.

Kufanya kazi nje hakuharibu rangi, fundi akifuata utaratibu:

Achague saa kavu, ukungu ukiisha. Atundike shitingi juu kama paa, pande ziachwe wazi, mbali na jiko na nguo za watoto, na yeye asimame upande upepo unakotoka.

Aoshe plastiki kwa sabuni, aikaushe, kisha aisugue kwa msasa laini uliolowa maji, ili vumbi lisiruke. Maji hayo yasimwagwe kisimani wala mtoni.

Kwanza apake rangi ya msingi inayoshika plastiki. Plastiki yenye alama PP inakataa rangi bila msingi huo, na itabanduka.

Apulize umbali wa sentimita 20 hadi 30, tabaka nyembamba mbili au tatu, akingoja kama dakika 10 hadi 15 kati ya moja na nyingine. Tabaka moja nene hutiririka.

Plastiki ilale nje chini ya shitingi, si chumbani mnakolala.

Tina isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiinywa, msimtapishe, kwa maana inaweza kuingia kwenye mapafu. Msimpe mafuta wala maziwa. Mkimbizeni kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Kopo tupu lisitupwe motoni, litapasuka.

Shitingi moja na miti minne si gharama kubwa kwa MUSO au AVEC. Kikundi kinaweza kuomba kiwanja kidogo kwa chef wa kijiji, vijana wote wapake hapo, na kila mmoja atoe kidogo kwa siku. Kikao kijacho tulizungumzie: nani kati yetu ana kopo la rangi chini ya kitanda, nani ana tina jikoni? Tuvitoe leo, kabla ya mvua kumrudisha fundi ndani.