Nondo wa Hariri wa Kalahari: Mdudu na Msamiati Wake

Tukitaja hariri wengi wetu hukumbuka China na majani ya mforosadi. Lakini Afrika nayo ina hariri yake ya porini. Katika toleo hili tunamwangalia nondo aitwaye kitaalamu Gonometa postica, anayepatikana katika nchi kavu ya Kalahari, yaani Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Yupo pia Kenya, katika misitu ya Mwingi, ambako taasisi ya icipe imewahi kushirikiana na wanavijiji kuvuna hariri yake.

Kiwavi wake hula majani ya migunga. Ana nywele zinazowasha, na anapojisokotea kifukofuko huzichanganya humo, kwa hiyo hata kifukofuko huwasha mkono. Ndani yake hugeuka pupa, kisha nondo. Nondo huyo hali chochote; huishi siku chache tu, akajamiiana, akataga mayai, akafa.

Kifukofuko hubaki mtini muda mrefu baada ya nondo kutoka. Hapo ndipo faida na hasara hukutana. Wakati wa ukame ng'ombe huvila vifukofuko, hariri haisagiki tumboni, njia ya chakula huziba na mnyama hufa. Wasani, kwa upande wao, hutia vijiwe ndani ya vifukofuko na kuvifunga miguuni kama njuga za ngoma. Wavunaji wa hariri nao huokota vile vitupu, huvichemsha ili kuondoa gundi, kisha husokota uzi. Anayevuna vitupu tu hamuui mdudu, na wakati huohuo huwaokoa ng'ombe.

Sasa tugeukie sarufi. Kiwavi ana umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa ni kiumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA: kiwavi huyu anakula, viwavi hawa wanakula. Kifukofuko si kiumbe, hivyo husema: kifukofuko hiki kinaning'inia. Neno nondo linahitaji uangalifu zaidi, kwani ni pia chuma cha kujengea. Tunasema nondo hawa wameruka, lakini nondo hizi zimepinda. Pupa nayo, mbali na hatua ya mdudu, ina maana ya haraka yenye tamaa.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi kazi hii: waeleze maisha ya nondo huyu tangu yai hadi mdudu kamili, kisha wapigie mstari kila kiambishi cha upatanisho.