Kuzamia kwa mtungi: Cheti, vifaa na gharama

KIJANA aliyekulia Idsowe, karibu na Garsen, huzoea maji mapema. Mto Tana ndio kisima chake, njia ya mtumbwi wake na, mafuriko yanapokuja, adui yake. Hata hivyo, kuzamia kwa mtungi wa hewa ni elimu nyingine, na mtoni si mahali pa kuianzia. Maji yamejaa tope, mkondo una nguvu, na humo mna mamba na viboko.

Anayetaka kujifunza hana budi kuelekea baharini. Walio karibu ni Malindi na Watamu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Garsen, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa mwaka wa 1968. Malindi hupokea tope la mto Sabaki, hivyo wengi hupendelea Watamu. Wakati bora ni kati ya Oktoba na Machi. Kusi inapovuma bahari huchafuka.

Cheti cha kwanza, kinachotolewa na mashirika ya kimataifa kama PADI na SSI, humruhusu mwenye nacho kuzamia hadi mita 18 pamoja na mwenzake. Mafunzo ya PADI yana sehemu tatu: nadharia, mazoezi katika maji tulivu, na mizamo minne baharini. Mwanafunzi hutakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea kwa dakika 10. Umri wa chini ni miaka 10. Aidha, hujaza fomu ya afya. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au matatizo ya masikio hupaswa kumwona daktari kwanza.

Kwa nini masharti haya yote? Katika kina cha mita 10, shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji. Anayevuta hewa ya mtungi huko chini kisha akapanda huku ameziba pumzi, hewa hiyo hupanuka na inaweza kupasua mapafu yake. Anayepanda kwa kasi hujitia katika hatari ya viputo vya naitrojeni vinavyoweza kumpoozesha. Ndiyo maana mzamiaji hufundishwa kupumua wakati wote, kupanda polepole na kutua kwa dakika tatu katika mita tano kabla ya kutokeza.

Vifaa vya msingi ni miwani ya kuzamia, mapezi ya miguuni, mtungi, kifaa cha kupumulia, jaketi la kuelea, vazi la mpira, vipande vya risasi vya kuongeza uzito, na saa ya kupimia kina na muda. Anayeanza asikimbilie kununua vyote, kwani vituo vya mafunzo huvikodisha. Akiwa na akiba kidogo, anunue miwani inayomkaa vyema usoni.

Kuhusu gharama, vituo vingi vya Pwani hutoza kwa dola. Mafunzo ya cheti cha kwanza mara nyingi hufika dola 400 au zaidi, yaani takriban Sh50,000 na kuendelea. Kabla ya kulipa, uliza iwapo bei inajumuisha vitabu, cheti, mashua na ada ya hifadhi. Asiye na uhakika anaweza kwanza kuonja mzamo mmoja na mwalimu, usiozidi mita 12, kwa bei nafuu zaidi.

Kwa kijana anayetafuta kazi, ngazi huendelea: cheti cha juu, cha uokoaji, kisha cha kiongozi wa wazamiaji, ambacho huhitaji umri wa miaka 18 na mizamo 60.

Lakini tahadhari. Aprili 2024 mashua ilipozama karibu na Madogo wakati wa mafuriko, ilidhihirika tena jinsi kaunti ya Tana River inavyohitaji wazamiaji. Cheti cha kitalii hakimwandai mtu kutafuta miili ndani ya tope na mkondo. Kazi hiyo hutaka mafunzo maalumu, kamba na kikosi kamili. Anayeingia Tana akitegemea cheti cha Watamu pekee anaweza kuwa ndiye wa kutafutwa.