Anayeanza Kuchuma Uyoga Aanzie Kichuguuni

Masika yakishika Miono, mkoani Pwani, Tanzania, uyoga huota kila mahali: kwenye magogo yanayooza, kandokando ya mapito ya ng'ombe, na kwenye vichuguu vilivyobaki katikati ya mashamba. Anayeanza kuchuma hutaka kwanza apewe kanuni moja ya kuubaini wenye sumu: kwamba ulioliwa na konokono ni salama, kwamba wa sumu una rangi kali, kwamba ukichemshwa na kitunguu saumu utajitaja wenyewe. Kanuni hizi hazina mashiko. Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani, una rangi iliyopauka na konokono huula bila kudhurika. Moto hauiondoi sumu yake, na mlaji huanza kutapika saa 6 hadi 12 baadaye, pengine zaidi, ini likiwa limekwisha kuingiliwa. Kwa hiyo mgeni wa kazi hii asianze kwa kusaka dalili za sumu. Ajifunze uyoga mmoja ambao maisha yake yanajulikana mpaka chini ya ardhi, na kwa Miono huo ni uyoga wa vichuguu, Termitomyces kwa jina la kitaalamu.

Mchwa wa vichuguu hivi ni wakulima. Hubeba majani makavu na vipande vya miti, huvitafuna, hujengea masega, na juu ya masega hayo kuvu huota na kuulainisha mti mgumu uwe chakula. Ushirika huu ulianzia Afrika miaka milioni 30 hivi iliyopita. Mvua zikilowesha udongo, kuvu hutuma shina refu kutoka kwenye sega, likitanguliwa na ncha ngumu inayotoboa ardhi. Ncha hiyo hubaki katikati ya kofia hata ikishachanua. Na kwa kuwa shina ni refu, uyoga huu hauvutwi. Unachimbwa taratibu kwa kijiti, na shina linaonekana likizidi kushuka kama mzizi kuelekea kwenye sega.

Mtu atasema mzizi pekee hautoshi, na ni kweli, maana zipo aina nyingine zenye mzizi. Tena mshindani wa hatari yuko karibu: Chlorophyllum molybdites, mweupe, mkubwa, wa kwenye nyasi, ambao humtapisha na kumharisha mlaji vibaya. Huo una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete inayosogea juu na chini kwenye shina. Ushahidi mzuri zaidi hupatikana nyumbani. Kata kofia, ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli mpaka asubuhi. Uyoga wa kichuguu huacha vumbi lenye wekundu hafifu. Ule mwingine huacha la kijani. Uyoga mchanga hauachi vumbi lolote, basi ambao haujaiva vya kutosha kutambulika usiingie chunguni.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wazee wa Kikwere na Kizigua wamechuma vizazi na vizazi bila karatasi wala bakuli. Ujuzi huo ni wa kweli. Härkönen, Niemelä na Mwasumbi, waliochapisha kitabu cha uyoga wa Tanzania mwaka 2003, waliutegemea sana ujuzi wa wanavijiji. Lakini ujuzi huo una makazi yake. Wahamiaji kutoka Asia ya Kusini-Mashariki waliofika California walichuma Amanita phalloides wakidhani ni uyoga wa kwao, na baadhi yao walikufa. Mchumaji aliyehamia Miono kutoka bara anaweza kukosea vivyo hivyo, kwa hiyo amfuate mwenyeji, na wakati huohuo ajifunze kuchimba na kupima. Wafanye hivyo shambani: msitu wa jirani wa Zaraninge sasa uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na huko si mahali pa kuchuma. Na wakikuta uyoga mdogo mweupe umetapakaa kwa mamia chini ya kichuguu, huenda ni Termitomyces microcarpus. Unaliwa, ila hauna mzizi, kwani huota kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Huo anayeanza auache mpaka aonyeshwe na mwenyeji.