Muhuri wa Japani, pembe ya Tsavo

Kwa desturi, Mjapani anayefungua akaunti ya benki au kuingia mkataba wa nyumba hupiga muhuri mdogo wenye jina la ukoo, hanko. Huchongwa kwa mti, jiwe au pembe ya ng'ombe. Uchumi ulipopaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wengi wakataka wa pembe ya ndovu, kwa kuwa hushika wino vizuri na humpa mwenyewe heshima. Ndiyo maana naona uhusiano mzito kuliko wote kati ya Voi, mji ulio kando ya mbuga ya Tsavo nchini Kenya, na Japani haukupita kwenye ubalozi, ulipita katika kijiti chenye urefu wa kidole.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tsavo ilikuwa na ndovu zaidi ya 35,000. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu, hasa majike na ndama; si kila mzoga ulikuwa wa bunduki. Lakini hesabu ya 1988 ilipokuta takribani 5,400 tu, ukame haukutosha kueleza. Kenya ilikuwa imepiga marufuku uwindaji tangu 1977, hivyo pembe zilitoka kwa magendo. Nyingi za Afrika zilipitia Hong Kong, na katika miaka hiyo ya 1980 Japani ndiyo iliyonunua kuliko nchi zote.

Julai 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe jijini Nairobi. Picha za moto ule ndizo zinazokumbukwa, ila kilichobana mawindo ni uamuzi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, Oktoba mwaka huo, wa kufunga biashara ya kimataifa ya pembe: bei ikaanguka. Mwaka 1999 Japani iliruhusiwa kununua karibu tani 50 kutoka Botswana, Namibia na Zimbabwe, kisha ikanunua tena 2008. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Japani haijafunga lake, na hilo linaniuma.

Hesabu ya 2021 ilipata karibu ndovu 15,000 Tsavo. Furaha hiyo ina bei, na anayeilipa ni mkulima wa Sagalla, jirani na Voi, anayekesha akilinda mahindi na pojo dhidi ya ndovu. Tangu 2009 baadhi ya wakulima hao wamezungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya: ndovu akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Asali huuzwa. Ikiwa Japani inatafuta pa kulipia deni lake Tsavo, ianzie kwenye waya na mizinga hiyo.