Usimlazimishe, Atakuja Mwenyewe

Watani zangu, najua mnavyocheka mkisikia Mhehe anaandika habari za mbwa. Chekeni mmalize, kisha tuzungumze.

Ipogolo, kwa msiopajua, ni pale chini kabla hujaupanda mlima kuingia Iringa mjini. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo hapo, malori usiku na mchana. Nilikuwa nimerudi kwa mama kupumzisha akili baada ya uchumba wa miaka minne kuvunjika (hiyo stori nitawaletea siku nyingine). Jioni moja nikamkuta chini ya lori lililopaki: dume la mbwa koko, mbavu unazihesabu, mguu mmoja wa nyuma haukanyagi. Nikamrubuni kwa chapati, nikamfunga kamba, tukakokotana hadi nyumbani.

Mama alimtazama mara moja tu. "Mwanangu, wenzio wakirudi kwao wanaleta sukari."

Mpwa wangu wa miaka sita alimwita Pole, kwa sababu ndilo neno nililokuwa namwambia kutwa. Pole akajichimbia stoo nyuma ya magunia ya mkaa. Siku ya tatu uvumilivu ukanishinda. Nikaikamata kamba nikamvuta atoke, aone basi kwamba nampenda. Akaning'ata mkono.

Hapa naomba tuache utani. Ukiumwa na mbwa, hata kama ni kidonda kidogo, kioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, ni nadra mno mtu kupona, na asilimia 99 ya wanaokipata duniani wamekipata kwa mbwa. Nilichomwa sindano zangu zote. Pole akafungiwa stoo siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo, kwa kuwa mbwa mwenye ugonjwa huo kwenye mate yake hawezi kuumaliza muda huo akiwa mzima.

Mama akatoa hukumu yake. "Zikiisha siku zake, achanjwe. Asipochanjika hadi mwisho wa mwezi, anatoka. Nina mjukuu humu ndani." Sikuwa na la kujibu. Alikuwa sahihi.

Daktari alikuja, akachungulia, akanigeukia. "Dada, tukiitana wanaume watatu tutamkaba na nitamchoma. Ila ukitoka hapo utaanza upya, na mbwa mwoga kuliko huyu." Akanipa njia nyingine, nami nikaapa moyoni kwamba haitafanya kazi.

Nikaweka kigoda nje ya mlango wa wavu. Nikakaa ubavu ubavu, simtazami usoni, nasahihisha makala zangu. Kila baada ya muda narusha dagaa mmoja, basi. Siiti, sinyooshi mkono. Siku za kwanza dagaa walilala pale mpaka niondoke.

Kumbe muda wote huo Pole alikuwa anaongea. Alipiga miayo, nikadhani usingizi. Alijilamba pua wakati hakuna chakula. Aligeuza uso pembeni, jicho likaonyesha weupe. Daktari akanieleza kuwa yote hayo yana maana moja: umenisogelea mno. Nimesoma mawasiliano hadi chuo kikuu, jamani, na sikujua kwamba mwayo ni sentensi! Nikawa nikiuona narudisha kigoda nyuma hatua moja. Ajabu ni kwamba nilipoanza kurudi nyuma, yeye ndiye akaanza kuja mbele.

Nikakumbuka panya buku wa APOPO pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hawachapwi. Kwanza wanazoeshwa watu na kelele tangu wadogo, kisha wanajifunza kwamba mlio mdogo wa "klik" unaleta ndizi. Magawa, mmoja wao, alipewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Nikajisemea, kama panya anaweza.

Tatizo kubwa lilikuwa breki za malori. Likifoka moja tu barabarani, Pole anatetemeka robo saa. Nikaanzia uani nyuma kabisa, mahali sauti inafika kwa mbali: lori likilia, kipande cha ini. Lori, ini. Siku akikataa kula, nilijua tumekaribia barabara mapema mno, tunarudi. Kuna wiki tulirudi kila siku. Mimi mwenyewe nimewahi kuambiwa "utazoea" na mtu aliyedai ananipenda, na sikuzoea, kwa hiyo sikutaka kumwambia mwingine.

Kumshika nako kulikuwa na utaratibu wake. Si kichwani kutokea juu. Kifuani, sekunde tatu, kisha natoa mkono. Akisogea, naendelea. Akibaki alipo, tumemaliza kwa leo. Baadaye nikawa nafinya kidogo ngozi ya shingo halafu nampa dagaa, mara kumi kwa siku, kama mchezo.

Tarehe 27 daktari alikaa chini kwenye vumbi, kanipa mgongo nusu, sindano kaificha kiganjani. Pole alipiga mwayo. Tukasubiri. Alipokuja mwenyewe kuegemea goti langu, nikafinya ngozi, daktari akachoma, dagaa akaingia mdomoni. Hata hakugeuka.

Bado wanaume wenye kofia anawakimbia, na mjomba akija inabidi aivulie getini. Mama naye anashikilia msimamo wake kwamba mbwa ni wa nje. Juzi niliamka mapema nikamkuta uani anachambua maharage, amekaa ubavu ubavu, macho kwenye ungo. Mkono wa kushoto ulikuwa unadondosha dagaa, mmoja mmoja.